Kioo Kisichosahihishwa

Chenga ya dona iliingia kwenye sembe. Niliisikia kabla sijaiona: kreee, sauti fupi chini ya viganja vyangu, mwili mzima ukanisisimka. Nikanyanyua kioo cha juu, nikakifuta kwa kanga kuukuu, nikakielekeza dirishani. Mkwaruzo ulikuwa pale, umekatiza kutoka ukingoni kuelekea katikati, mrefu kama njiti ya kiberiti.

"Mjinga wewe," nikakiambia kioo. Halafu nikajiambia na mimi.

Majina ya dona na sembe ni ya jirani yangu Mbonea, aliyekuwa akikata vito machimboni kabla mgongo haujamrudisha nyumbani Usangi. Unga wa kusagia vioo una madaraja. Wa chenga kubwa yeye anauita dona, wa laini anauita sembe, na ule mwekundu wa kung'arishia, laini kuliko poda ya mtoto, anauita ngano. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza na inaua kuifanya. Unachukua vioo viwili vya mviringo, unaweka unga na maji katikati, unasukuma cha juu mbele na nyuma huku unalizunguka pipa ulipoviweka. Wiki zinapita. Cha juu kinabonyea, cha chini kinavimba, na kile kilichobonyea ndicho kitakachokusanya mwanga wa angani. Chenga moja tu ya dona ikiponyoka wakati wa sembe, unarudi nyuma kabisa, kwenye dona.

Nilifundisha fizikia sekondari maisha yangu yote. Niliwachorea wanafunzi darubini ya kioo ubaoni mwaka baada ya mwaka, mistari minyoofu, mishale mizuri, na sikuwahi kuwaambia kwamba kioo ni kiumbe mwenye kiburi. Hiki kilikuwa cha tatu. Cha kwanza nilikikata kwenye meza ya sebuleni. Mke wangu aliamka asubuhi akakuta miguu minne imesimama bila kioo juu yake, na kwa siku kadhaa nilinywa chai yangu nikiwa nimeiweka sakafuni.

"Baba Nakiete!" Alikuwa mlangoni mwa stoo, bado na kitenge chake cha kwendea ibada. "Makande yamepoa."

"Acha yapoe."

"Na wewe upoe. Vaa shati. Mtoto anapiga sasa hivi, atakuona na hayo matope kifuani?"

Nikavaa shati, lakini hasira sikuivua.

*

Nakiete alitokea kwenye simu ya ukutani kama kila Jumapili, amevaa ovaroli ya kijivu, nywele amezisuka mistari, nyuma yake dirisha la Pete likionyesha ukingo wa buluu wa dunia. Pete ni kituo cha angani, ndiko yanakofumwa na kushonwa yale mabati membamba ya Mwavuli yaliyotandazwa juu kupunguza jua. Tangu Mwavuli ukunjuliwe, mvua za vuli zimerudi na migomba yetu imenyanyuka. Shirika linaloiendesha Pete lilikuja kuchukua vijana huku kwetu likisema watoto wa milimani hawapatwi na kizunguzungu. Tulicheka, kisha tukawatoa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Hujambo, mama yangu?"

"Sijambo, baba. Habari za hapo?"

Basi. Hapo ndipo moyo wangu uliposhikwa tena.

Binti yangu alichukua jina la marehemu mama yangu. Kwa hiyo mimi humwita mama, na yeye, tangu alipojua kuongea, hunijibu, "Sema, mwanangu." Huo ndio mchezo wetu. Alinijibu hivyo mbele ya mchungaji siku ya kipaimara chake, akanijibu hivyo akiwa na homa ya malaria, na siku anapanda chombo cha kwenda Pete nilimwita mama nikiwa nalia, akasema, "Sema, mwanangu, usilie, nitakuletea pipi."

Mwaka jana Shirika lilitangaza matengenezo. Simu zikakatika karibu mwezi mzima. Ziliporudi, Nakiete alikuwa na afya, anacheka, anauliza habari za shangazi zake wote kwa majina. Ila nikimwita mama, ananijibu kwa adabu, "Naam, baba." Kama vile kuna mtu ameona binti anamwita baba yake mwanangu, akadhani ni kosa la lugha, akalisahihisha.

"Amekua," mke wangu aliniambia. "Ulitaka akuchezee mpaka azeeke?"

Nilimjaribu kwa kila njia. Nilimuuliza jina la mbwa aliyekufa, akalijua. Nilimuuliza alianguka wapi akavunja jino, akacheka na kunionyesha jino. Yote hayo tulikwisha kuyasema kwenye simu za nyuma, na simu zote zinapita mikononi mwao. Sikuwa na swali hata moja lililobaki safi.

Baada ya simu nilitoka uani, nikaelekeza simu yangu ya mkononi angani. Picha ikaja safi: Pete imekaa vizuri, madirisha yake yote yanawaka, na chini maandishi yanapita, Wapendwa wako salama. Ilikuwa mchana. Kulikuwa na wingu limefunika anga lote. Tangu ipite ile sheria ya picha safi, kila kifaa chenye lenzi lazima kiwe na kisahihishi ndani yake, ili watu wasitengeneze picha za uongo. Darubini zinazouzwa madukani nazo zinacho. Unaangalia, na kisahihishi kinakuonyesha kile unachotakiwa kukiona.

Kipande cha kioo kilichosagwa kwa mkono hakina pa kukitia kisahihishi. Nikarudi stoo nikafungua mfuko wa dona.

*

Mbonea alinikuta siku nyingine nimekaa juu ya ndoo, wembe mkononi, karibu nilie.

"Mwalimu, unataka kujikata?"

"Nataka kukikata hiki kioo kichwa."

Nilikuwa nimekwisha kukisugua kwa ile ngano yake nyekundu juu ya kitanda cha lami na utomvu wa msindano, na sasa nilikuwa nakipima. Kipimo chake ni cha ajabu kwa urahisi wake. Unaweka taa ndogo yenye kitundu mbele ya kioo, mwanga unarudi, unaukata kwa makali ya wembe karibu na jicho lako, na uso wa kioo unajaa vivuli. Kivuli kinakuonyesha kosa dogo kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu. Nilimwachia ndoo akae aone.

"Mbona katikati kuzuri?" akasema. "Kama sahani."

"Angalia ukingo."

"Naona kama umeteremka."

"Umeteremka! Nimesukuma kwa hasira, nimekandamiza pembeni. Taswira itakuwa na ukungu, na nikiutengeneza ukingo nitaharibu katikati, na nikitengeneza katikati..." Nilitamani kukitupa bondeni nikisikilize kikivunjika.

Mbonea aliweka kofia yake vizuri. Mwanawe wa pekee, Chediel, aliondoka chombo kimoja na Nakiete. Mwaka ule wote Mbonea alikuwa anajenga nyumba ya kijana huyo nyuma ya yake, mgongo wake mbovu hivyo hivyo, na kila Jumapili alimwonyesha Chediel ukutani ilipofikia. Chediel alikuwa amechagua rangi ya milango.

Sikuwahi kumwambia Mbonea kwa nini hasa natengeneza darubini. Nilimwambia nataka kuona watoto.

"Hivi tutawaona kweli?" akauliza.

"Wao hapana. Pete tutaiona, ndogo kama kifungo cha shati. Lakini mchana wake na usiku wake ni vitu viwili. Ikiwa juani inang'aa yote, kama sufuria iliyosuguliwa. Haikuambii kitu, hata sufuria tupu inang'aa. Ila jioni, ikifika upande wa mashariki, inaingia kwenye kivuli cha dunia. Hapo jua halipo. Ukiona mwanga, ni taa zao wenyewe."

Alifurahi kama mtu aliyeambiwa siri ya ikulu. "Kwa hiyo nitaona taa ya Chediel."

"Kioo kikikubali."

"Kitakubali. Unga ni wangu, Mwalimu, kwa hiyo jicho la kwanza wewe, la pili mimi. Usije ukaniruka."

"Siwezi kukuruka."

Nikampa mkono, na tukawa tumeahidiana.

*

Jumapili iliyofuata nilikaa mbele ya ukuta nikiwa sina hamu. Vidole vilikuwa vimepasuka, kiuno kinauma. Nilikwisha kuamua kwamba mimi ni mzee mbishi anayempelekea mwanawe kesi kwa sababu ya neno moja. Watani wetu wanasema Mpare akipata baridi anaishtaki mvua. Pengine wana haki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Sema, mwanangu."

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, nilisimama tu kama mwanafunzi aliyeitwa jina, na machozi yakaanza kunitoka bila kuniomba ruhusa. Nilimwita tena, mama, mama, na kila mara alinijibu vile vile, akicheka. Nilimwomba radhi kwa jambo ambalo sikumwambia ni lipi. Mke wangu alikuwa ameinamia ushonaji wake, hakuinua kichwa.

Jioni ile nilikula makande sahani mbili. Nilisamehe Shirika, nikasamehe kisahihishi, na karibu nikisamehe kioo. Ndiyo maana nilikimaliza. Nilikisugua ukingo taratibu, bila kukandamiza, mkono mwepesi wa mtu mwenye furaha, na wembe ukanionyesha kivuli sawasawa kila upande. Wiki zile zote za hasira nilikuwa nasukuma kwa nguvu kupita kiasi. Niliona aibu.

Kukipaka fedha nilikufanya uani mchana. Dawa ya fedha na amonia niliziomba maabara ya shule yangu ya zamani, na sukari ilikuwa ya chai. Ukimimina maji ya sukari, dawa inakuwa nyeusi kama maji ya kuoshea masizi, unadhani umeharibu, kisha fedha inashuka juu ya kioo kimya kimya. Niliona uso wangu umo ndani, mkubwa, una ndevu ambazo sikujua zimekuwa nyeupe hivyo.

Nikakitia kioo ndani ya bomba pana la maji la plastiki, chini kabisa, na juu nikaweka kioo kidogo cha pembeni na jicho nililolitoa kwenye hadubini mbovu ya kabla ya sheria ile. Nikalikalisha bomba kwenye kisanduku cha mbao kinachozunguka. Jioni hiyo niliipeleka darubini mteremkoni nyuma ya jiko. Nilikuwa nakwenda kumsalimia binti yangu, si kumchunguza. Nataka hilo lieleweke.

Pete ilipanda kutoka magharibi, na nilipoipata nilipiga kelele. Duara! Duara jembamba la dhahabu, linatetemeka kidogo, limekamilika. Inatembea, kwa hiyo lazima uisukume darubini kwa mkono polepole uifuate, la sivyo inatoka yenyewe nje ya kioo. Niliisukuma. Niliongea nayo. Ilipofika mashariki ikageuka rangi ya chungwa, kisha nyekundu, kisha ikaingia kivulini.

Nikangojea taa.

Nilisukuma kwa mwendo ule ule, nikisema labda macho hayajazoea. Nyota ndogo mbele zilikuwa zinazibwa moja moja na kuwaka tena nyuma, kwa hiyo nilijua Pete imo mle ndani ya kioo, imekaa sawasawa katikati. Haikuwa na taa hata moja.

*

"Umeona," mke wangu alisema niliporudi jikoni. Hakuuliza.

Nikakaa kwenye kigoda.

"Mtoto nimemzaa mimi, Baba Nakiete. Unadhani nilihitaji bomba la maji kujua?" Alikuwa anachambua maharage na mikono yake haikusimama. "Nilijua tangu ile simu ya kwanza baada ya matengenezo."

"Lakini Jumapili amenijibu. Amesema..."

"Nilimfundisha." Hapo mikono ikasimama. "Nilikuona unavyoisha. Nikamwambia, baba yako akikuita mama, mjibu sema mwanangu. Akaniambia, sawa mama, nitakumbuka. Nakiete angenicheka. Angeniambia, mama, tangu lini nimesahau?"

Nilipiga ukuta kwa ngumi, na ngumi ikauma, na haikusaidia kitu.

"Kwa nini hukuniambia mwaka mzima?"

"Ungefungua kesi. Nakujua. Ungeshuka mpaka Mwanga, mpaka Moshi, mpaka Dodoma, na mwisho wake wangekata simu. Jumapili ningekaa na nani?" Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Najua si yeye. Lakini ana uso wake. Sina kaburi la mtoto, nina ukuta. Niachie ukuta wangu."

Nilimwonea hasira na huruma kwa pamoja, na sikujua ipi nianze nayo.

"Kesho Mbonea anakuja," nikasema. "Nilimwahidi."

"Mwonyeshe wakati inang'aa, kisha acha kusukuma. Itatoka yenyewe, hutakuwa umesema uongo. Mwachie nyumba yake aimalize."

"Amalize kumjengea nani?"

Alirudi kwenye maharage, akatoa mabovu akiyaweka kando.

*

Mbonea alikuja amevaa koti la ibada.

"Nimekwambia tunaangalia darubini, si tunakwenda harusini," nikasema.

"Mtu haendi kumtembelea mwanawe na fulana, Mwalimu."

Rangi ya kijani ilikuwa imemkauka kwenye kucha. Milango. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikampa jicho, nikashika bomba. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na karai mkononi, anatutazama.

"Ee Bwana wangu," Mbonea alisema. "Ee Bwana. Ni pete kweli, ya kuvaa kidoleni." Akacheka, kisha nikasikia anavuta pumzi kama mtu aliyepanda kilima. "Huko ndiko aliko?"

"Ndiko alikokwenda."

Hakusikia tofauti. Alianza kumsimulia Chediel, pale pale, jicho kwenye kioo: kwamba bati limeisha kupigwa, kwamba shimo la choo limepata mwamba lakini watu wa kulichimba wapo. Mimi nilisukuma. Kidogo, kidogo, mwendo ule niliouzoea. Nikiuondoa mkono tu, nikijifanya najikuna, Pete ingeteleza nje, na Mbonea angeshuka mteremko akiwa na furaha mpaka mwisho wa maisha yake. Uongo haukuhitaji kazi yoyote. Ukweli ndio uliotaka niendelee kusukuma.

Niliwaza habari za simu ya Jumapili. Nilimuwaza mke wangu na ukuta wake. Nilimuwaza Mbonea akiinama na mgongo ule, anapaka milango rangi aliyoichagua kijana ambaye hayupo, na sauti ile ikimwambia pazuri, baba, rudia rangi mara ya pili. Shirika litakuja kuchukua vijana wengine mwakani. Wameshatangaza kanisani.

"Imekuwa nyekundu," akasema.

"Inaingia kivulini."

"Sasa ndipo taa zitakapoonekana, si ulisema?"

"Nilisema."

Akajiinamisha zaidi, akaishika kofia yake isianguke. Mke wangu alitikisa kichwa kule mlangoni, hapana, hapana. Nikamtazama, na mkono wangu ukaendelea kusukuma.

"Mwalimu, imepotea. Umeisogeza?"

Pale ingetosha mtu kusema ndiyo. Neno moja, naye angecheka na kuniita mzee wa mikono mizito.

"Sijaisogeza, Mbonea. Iko palepale. Unaziona nyota ndogo zinazozibwa moja baada ya nyingine?"

"Naziona."

"Hiyo ndiyo Pete."

Hakuondoa jicho. Kidole chake chenye rangi ya kijani kilikuwa kimeng'ang'ania ukingo wa bomba.

"Watawasha," akasema. "Vijana hawa wavivu, hata taa mpaka uwakumbushe. Wewe sukuma tu, Mwalimu. Usiiache. Watawasha."

Nikasukuma. Mke wangu aliweka karai chini, akapanda mteremko pole pole mpaka tulipokuwa, akaweka mkono wake juu ya wangu, na tukaisukuma pamoja.